Watu Walihamishwa, Ibisigo Vikabaki

Hekalu la zamani la Waha halikuwa na paa. Huko Murungu, kama kwenye vilima vingine vya Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, mahali pa ibada palikuwa mti fulani, mwamba fulani, chemchemi fulani, au kipande cha msitu ambacho shoka halikuingia. Mpita njia asiye na habari angeona kichaka tu, akaendelea na safari yake. Mwenyeji alijua kwamba pale pana wenyewe.

Wenyewe hao waliitwa ibisigo: roho za nchi, ambazo hazikuwahi kuwa binadamu na hazikuwa za ukoo wa mtu yeyote. Mizimu ya mababu ilikuwa jambo jingine. Hiyo ilimfuata mtu mpaka nyumbani, na kila kaya ilijua namna ya kuituliza. Juu ya wote alikuwepo Imana, Muumba, ambaye jina lake Waha wanalo pamoja na Warundi na Wanyarwanda. Lakini ibisigo vilikuwa vya mahali, na chako cha mahali ukikihama umekiacha. Historia ya Buha, nchi ya Waha, katika karne ya 20 ni historia ya watu waliohamishwa, tena zaidi ya mara moja, na ndiyo maana leo ni rahisi kumpata Muha anayejua jina la kisigo kuliko kumpata anayejua kilikokuwa kikikaa.

Anayetaka kuona imani ya jamaa hii ikiwa hai, tena ina ratiba ya treni na maegesho ya magari, aitazame Japani. Wafuasi wa Shinto huabudu kami, na kami anaweza kuwa mlima, maporomoko ya maji, mti mkongwe, au mtu aliyetukuzwa baada ya kufa. Unaingia kwake kupitia torii, lango la nguzo mbili lisilo na mlango wala ukuta. Unapita kando ya njia, kwa kuwa katikati ni ya mwenye nyumba. Kuna birika la maji na kata: unanawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, unasukutua. Mbele ya ukumbi unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena, basi. Chumba cha ndani kimefungwa. Kilichomo, kiwe kioo au upanga au jiwe, mwabudu wa kawaida hakioni maisha yake yote. Nyuma yake kuna msitu, na msitu huo si pambo. Ni sehemu ya hekalu.

Pale Omiwa, katika mkoa wa Nara, hata hicho chumba cha ndani hakipo. Watu huelekeza sala zao kwenye mlima Miwa wenyewe, maana mlima ndio kami. Mzee wa Kiha wa mwaka 1880 angefikishwa Omiwa, mkalimani wa lugha angemhitaji. Mkalimani wa imani asingemhitaji.

Nasema hivi nikijua kwamba msomaji wa Kasulu aliyebatizwa, na wengi tumebatizwa, anaweza kukunja uso. Tena Kigoma imechoka kutaniwa. Ukijitambulisha Dar es Salaam kwamba umetoka mwisho wa reli, haipiti dakika kabla mtu hajakuomba dawa, nusu mzaha nusu kweli. Utani huo umetufanya tuone haya hata pale pasipo na la kuonea haya. Mteko, yaani mtu aliyeiombea nchi miongoni mwa Waha, hakuwa mganga wa kienyeji wa bango la barabarani, wala hakuwa mchawi. Alikuwa na kazi ya umma.

Kazi yake ilikuwa hii. Familia ikitaka kufungua pori jipya, ilikwenda kwa mteko wa eneo hilo, kwa sababu yeye ndiye aliyejua ni wapi pa kulima na ni wapi pa kuachwa. Majirani wakigombania mpaka, yeye ndiye aliyesimama katikati. Nchi ikichafuka, mvua zikagoma au wadudu wakavamia mazao, yeye ndiye aliyepeleka maombi na sadaka mahali panapohusika. Cheo chake kilirithiwa na kilifungamana na ardhi ile ile. Wafalme wa Kitutsi, abami wa Heru, Muhambwe, Buyungu na kwingineko, walikuja na ng'ombe na ubugabire, mfumo wa kumpa mtu ng'ombe naye akutumikie, wakatawala watu, lakini hawakuwaondoa wateko. Mwami alitawala nchi. Mteko aliiombea. Mwanahistoria Michele Wagner, aliyeandika mwaka 1996 juu ya mazingira na jamii ya Buha, anawaeleza wateko kama wapatanishi baina ya watu na nchi yao, na anaonyesha jinsi upatanishi huo ulivyovurugika ukoloni ulipoingia.

Mwingereza hakumpiga marufuku mteko. Alimpita tu. Alipojenga utawala wake kupitia machifu katika miaka ya 1920, Mwami alipata mshahara, baraza na kofia ya serikali. Mteko hakuwekwa kwenye daftari lolote. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilipofuta uchifu kwa sheria, abami walijua siku waliyopoteza kazi. Mteko hakufutwa na sheria, kwa sababu hakuwahi kuandikwa ndani yake.

Kilichommaliza kilikuwa kuhama. Kwanza malale. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni ilianza kuwakusanya watu wa Buha katika makazi ya pamoja ili kuwatoa kwenye mapori ya mbung'o. Familia zilizozoea kuishi kwa kutawanyika, kila moja na mgomba wake na kilima chake, zilipangwa pamoja, na nchi kubwa waliyoiacha ikarudi kuwa pori la tembo na nyati. Upande wa mashariki wa Kibondo, kuelekea mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi, leo kuna pori la akiba ambalo watu hulitaja kana kwamba halijawahi kukaliwa.

Halafu ikaja Operesheni Kigoma, mwaka 1972. Nchi nzima ilikuwa bado inahubiriwa vijiji vya ujamaa. Amri ya kwamba kila mtu aishi kijijini ilitoka Novemba 1973. Kigoma ilitangulia. Watu waliteremshwa kutoka vilimani hadi kando ya barabara, penye shule, bomba na zahanati, na sitaki kujifanya kwamba shule na zahanati hazikuwa kitu. Wengi waliosoma wakafika mbali walisoma kwa sababu hiyo. Ila katika mzigo uliopakiwa siku ile, godoro la majani, mtungi, kuku waliofungwa miguu, ibisigo havikuwamo. Vilibaki vilimani, na mteko akawa jirani kama majirani wengine, katika kiwanja cha hatua kadhaa kwa kadhaa, kwenye ardhi ambayo hakuwa na neno nayo.

Japani nayo iliwahi kuyafanya hayo, ila kwa kinyume. Kwao waliohamishwa ni kami, watu wakabaki. Mwaka 1906 serikali ya Meiji iliamuru mahekalu madogo ya vijijini yaunganishwe, ikiwezekana kila kijiji au mji mdogo uwe na moja, ili yasimamiwe vizuri na yafae kufundishia uzalendo. Kufikia mwaka 1914 mahekalu yalikuwa yamepungua kutoka takriban 190,000 hadi takriban 120,000. Kami wa mlima fulani alibebwa na kuwekwa pamoja na kami wa kijiji cha pili, kama wapangaji. Na msitu wake, sasa ukiwa hauna mwenyewe, ulikatwa na mbao zikauzwa. Wapo maofisa na wafanyabiashara walioneemeka.

Aliyesimama kupinga hakuwa kuhani. Alikuwa Minakata Kumagusu, mtu wa ajabu kidogo wa mji wa Tanabe, aliyewahi kuishi London na kuandika katika jarida la *Nature*, na ambaye mapenzi yake makubwa yalikuwa kwa viumbe wa utelezi wanaotambaa juu ya magogo yanayooza. Viumbe hao alikuwa akiwapata kwenye misitu ya mahekalu, maana ndiyo misitu ya zamani iliyokuwa imesalia karibu na watu. Alipoona inakatwa alipandwa na wazimu. Aliandika barua, aliandika magazetini, na mwaka 1910 alivamia mkutano alimokuwamo mtetezi wa mpango huo akarusha mfuko wake ndani, akafungwa siku kadhaa. Hoja yake ilikuwa nyepesi hata mwenyekiti wa kijiji angeielewa: ukiukata msitu, ndege wanaokula wadudu wa shambani wanaondoka, maji yanakauka, na watu wanakosa mahali pa kukutana na sababu ya kuheshimiana. Mpango ulipoa mnamo miaka ya 1920, ingawa makumi ya maelfu ya mahekalu yalikuwa yameshakwenda. Mwaka 1929 Mfalme Hirohito, ambaye naye alikuwa mpenzi wa biolojia, alifika Tanabe na kukitembelea kisiwa kidogo cha Kashima ambacho Minakata alikipigania kisikatwe. Mzee akampa zawadi ya viumbe wake 110, amewapanga katika maboksi matupu ya peremende.

Nimekwenda mbali mpaka Tanabe kwa sababu ya jambo moja. Watu wa huko walipopoteza mahekalu yao walibaki palepale, wakiutazama msitu ukianguka, wakiwa na hasira. Sisi tulipopoteza yetu hatukuwepo kuyaona. Tulikuwa tumeshahama.

Lakini si lazima Muha apande ndege kwenda Japani ili aone mahali patakatifu palipotunzwa pamoja na uwanja wake, miti yake na watu wake. Avuke mpaka. Kutoka Kibondo unateremka Mabamba, ng'ambo ni Gisuru, unapita Ruyigi, unaingia Gitega. Lugha haikusumbui, kwani Kiha na Kirundi vinasikilizana, na kabla hujamaliza salamu wameshajua umetoka upande gani. Kilomita zipatazo saba nje ya Gitega kuna kilima kiitwacho Gishora.

Mapokeo yanasema Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi tangu katikati ya karne ya 19 hadi kifo chake mwaka 1908, aliweka ngome yake Gishora baada ya kumshinda chifu mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Akawakabidhi watu wa pale ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa: yule ambaye kwa ajili yake watu hufyeka msitu, na yule ambaye kwa ajili yake watu hulima. Ukoo uliokabidhiwa haukupewa fimbo ya utawala. Ulipewa wajibu, baba akimwachia mwana, na mpaka leo wapiga ngoma wa Gishora hujitambulisha kwa wajibu huo.

Uwanja wenyewe ni wa kawaida, kwa maana nzuri. Hakuna mnara wala ngazi za marumaru. Kuna ua wa fito na matete, na ndani yake nyumba za msonge za nyasi ambazo mapaa yake yanashuka mpaka chini, hivi kwamba huwezi kusema ukuta unaishia wapi na paa linaanzia wapi. Ili uingie lazima uiname, uwe balozi uwe mkulima. Ndani ni giza na harufu ya moshi uliokaa kwenye nyasi. Macho yakizoea unaona mahali pa moto, mahali pa kulala, mahali pa ngoma. Nje miti mikubwa inatia kivuli kwenye uwanja wa udongo mwekundu uliogandamizwa na nyayo.

Kisha wanakuja. Hawapangi ngoma uwanjani kwanza wakaanza kupiga. Wanaingia wakipiga, kila mmoja na ngoma yake kichwani, mstari mmoja, na ngoma ile ni gogo zima la mti. Shingo haitikisiki. Wanazitua kwa kuzunguka, nusu duara, na katikati inawekwa inkiranya, ngoma kiongozi. Upande mmoja ni amashakwe, zinazoshika mdundo mmoja bila kuuachia; upande wa pili ni ibishikizo, zinazoifuata inkiranya inakokwenda. Mcheza anatoka mstarini akiwa na virungu vyake, imirisho, anaruka juu magoti yakigusa kifua, anashuka mbele ya inkiranya, anajipitisha kirungu shingoni kama anayejichinja, anaipiga, anarudi, anatoka mwingine. Mavazi ni ya rangi za bendera: nyekundu, nyeupe, kijani. Ukiwa umesimama karibu, mdundo huusikii kwa masikio tu. Unaingia kupitia tumbo.

Ngoma hizo huchongwa kwa mti uitwao umuvugangoma, ambao kwetu wengi huuita mringaringa. Ukiikagua moja iliyotuliwa utaona gogo limefinywa kuelekea chini, ngozi ya ng'ombe imewambwa juu na kubanwa na vigingi vifupi vilivyochomoza pande zote. Mwenyeji atakutajia sehemu zake, na Muha hahitaji kutafsiriwa: vigingi ni amabere, yaani matiti, gogo ni inda, tumbo, kitako ni umukondo, kitovu, na ngozi ni icahi, ile ambayo mama alimbebea mtoto mgongoni. Chombo kizima ni mwanamke mzazi. Na bado wanaokipiga ni wanaume. Mwaka 2017 amri ya rais wa Burundi iliweka hilo kuwa sheria: wanawake wasipige ngoma hizi, na vikundi visizipige nje ya shughuli rasmi bila kibali. Kwa maoni yangu serikali ilijitwisha hapo kazi isiyo yake. Desturi inayolindwa na ukoo hujua yenyewe pa kukaza na pa kulegeza. Ikishawekwa kwenye gazeti la serikali inabaki kuwa kifungu cha faini.

Gishora haikuwa kilele cha mfumo huo. Kilele kilikuwa Karyenda, ngoma ya ufalme wote, iliyokuwa na nyumba yake na mwanamke wa kuitunza aliyehesabiwa kuwa mke wake, Mukakaryenda. Watu wa kawaida hawakuiona ovyo ovyo. Ilitokezwa katika siku kubwa, hasa umuganuro, sikukuu ya mwezi Desemba ambapo Mwami alionja mtama na kufungua msimu wa kupanda. Hapo tena Omiwa na mahekalu yenye chumba kilichofungwa yanakuja akilini: nguvu ya kitu imo katika kutoonekana kwake. Wabelgiji, wakisaidiwa na wamisionari, waliusimamisha umuganuro mwishoni mwa miaka ya 1920. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962 iliichora Karyenda katikati ya bendera yake, pamoja na mmea wa mtama. Haikudumu hata miaka mitano. Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero aliupindua ufalme, na ngoma ikaondolewa kwenye bendera. Mfalme wa mwisho, Ntare wa Tano, aliuawa Gitega Aprili 1972, katika mwaka ulioleta makumi ya maelfu ya Warundi kukimbilia kwetu Kigoma.

Wapiga ngoma waliyapita yote hayo. Ufalme uliowapa kazi ulikwisha, kazi ikabaki. Wakapiga kwa jamhuri, kwa wageni, kwa santuri; kanda zilizorekodiwa Burundi katika miaka ya 1960 zilifika mpaka kwenye nyimbo za wanamuziki wa Uingereza na Marekani ambao hawakuwa wamewahi kusikia neno Gishora. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi usioshikika. Hata katika kambi ya Nduta, Kibondo kwetu, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, na ile ya Nyarugusu, Kasulu, vijana wa Kirundi wamekuwa wakipiga. Mkimbizi alikuja bila shamba na bila ng'ombe. Ngoma aliichonga upya huku huku, kwa mti aliouona. Kisigo kisingechongeka.

Warundi wana mapokeo mawili juu ya mwanzilishi wa ufalme wao, Ntare Rushatsi, na moja ya hayo linasema alitoka Buha. Sijui Mrundi gani atakubali kwa urahisi, lakini kwa Muha aliyesimama Gishora ni jambo la kuchekea kidogo chini kwa chini. Heru nako walikuwepo akina Ntare. Makao yao yalikuwa Heru Juu, hapo Kasulu, na katika siku za mwisho za uchifu aliyekalia kiti alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache sana waliopata kuwa machifu Tanganyika. Ukitaka mahali ambapo Wizara ya Maliasili na Utalii na halmashauri zingeanza kuhifadhi urithi wa Waha, si lazima ziende mbali. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964.

Kuna wanaosema nyumba za nyasi haziwezi kuwa urithi kwa kuwa haziishi miaka mingi. Wajapani wana jibu zuri. Hekalu kuu la Ise, la mbao tupu na paa la nyasi, hubomolewa na kujengwa jipya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja cha pembeni. Desturi hiyo ilianza mwaka 690 na ingawa vita viliwahi kuikatiza, ujenzi wa mwaka 2013 ulikuwa wa 62. Jengo halina umri. Lenye umri ni ufundi, maana kila kizazi cha maseremala kinajenga angalau mara moja kikiwa kinafundishwa na mara moja kikifundisha. Waganda walilijua hilo kwa uchungu pale Kasubi, makaburi ya makabaka yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2001: usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuijenga upya, na sehemu ya fedha na utaalamu wa kujikinga na moto ilitoka, si kwa bahati, Japani. Mwaka 2023 Kasubi ikatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Koo za Kiganda zenye kazi ya kuezeka zilikuwa bado zipo na zilijua zamu zao. Pasipo koo hizo fedha zingejenga ukumbi wa mikutano.

Kwa Murungu na jirani zake, swali la kweli si nyumba. Sisi hatukuwa na nyumba. Swali ni vichaka vilivyobaki, na hapa Wamijikenda wa Kenya wana mengi ya kutufundisha kuliko Japani. Misitu yao ya kaya walishaihama kwa makazi muda mrefu, kama sisi, lakini wazee waliendelea kurudi kwa matambiko na mazishi. Kuanzia mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuitangaza kaya moja baada ya nyingine kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 kaya kadhaa zikaingia urithi wa dunia. Mashamba ya mnazi na mkorosho yamefika mpaka ukingoni, hoteli zimetamani ufuko, lakini misitu ipo. Sheria yetu ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, ukubwa wowote, bila kumwomba mtu wa Dodoma.

Na pale kichaka kilipokwisha kabisa, kinapandwa. Msitu wa hekalu la Meiji katikati ya Tokyo, hekta zipatazo 70, unaonekana kama umekuwepo tangu kuumbwa kwa dunia, na ulipandwa kuanzia mwaka 1915. Miti ipatayo 100,000 ililetwa kama sadaka kutoka pembe zote za nchi, ikapandwa na vijana wa kujitolea. Waziri Mkuu Okuma Shigenobu alitaka iwe mierezi ya Kijapani, mirefu iliyonyooka, ya kupendeza macho. Wataalamu wa misitu walimkatalia mkubwa huyo, wakamwonyesha kwa hesabu kwamba miti ya majani mapana ya asili ya pale ndiyo itakayojiotesha yenyewe bila kutunzwa. Nikikumbuka mikaratusi tunayopewa kila msimu wa kupanda miti, tena tunaipanda mpaka kwenye vyanzo vya maji, natamani wataalamu wale wangepita Kibondo.

Vijiji vingi sasa vinaandaliwa mipango ya matumizi bora ya ardhi. Wapima hufika na picha za anga na karatasi kubwa, wanazitandaza kwenye meza ya ofisi ya kijiji, wanauliza: makazi wapi, malisho wapi, msitu wapi, makaburi wapi. Mahali pa matambiko pana nafasi yake kwenye ramani hizo, iwapo mtu atapataja. Wanaoweza kupataja walikuwa watoto mwaka 1972, waliteremka vilimani wakiwa wameshika mikono ya mama zao, na leo wamepita miaka 60. Kikao hicho kwa kawaida huitishwa asubuhi ya siku ya kazi, na wazee hawaalikwi kwa jina.